Je, Maandiko Haya ni ya Mutu ao ya Mashini?

Siku hizi swali moja linarudi mara nyingi katika seminari, katika mikutano ya walimu wa dini, na hata katika nyumba za mapadri: ndugu huyu ameandika yeye mwenyewe, ao mashini imemuandikia? Tangu tarehe 30 Novemba 2022, siku kampuni OpenAI ya Marekani ilipotoa programu ChatGPT, kila mutu mwenye simu na intaneti anaweza kuomba mahubiri ya Siku ya Mungu, kazi ya filozofia ao barua ya parokia, na kuipata mbele maji ya chai hayajachemka. Lulimba si mbali na mambo hayo. Popote mutandao unapofika, toka Baraka mpaka Fizi, na toka Fizi mpaka Misisi kwenye machimbo ya zahabu, akili bandia inafika pamoja nao.

Nyuma ya mashini ya kuandika zikatokea mashini za kupima. Zinasoma maandiko, kiisha zinasema: haya ni ya mutu, haya si ya mutu. Walimu wengi wanafurahi na kuziitika upesi. Ndiyo maana tunapenda kufasiria hapa mambo matatu: vyombo hivyo vinatumika namna gani; vinaweza kutujulisha nini; tena tunapashwa kujilinda na nini. Jambo lenyewe ni zito. Kwa neno la chombo kimoja kijana anaweza kufukuzwa, mwalimu wa dini anaweza kuitwa mudanganyifu mbele ya wakristu wake, na sifa njema ya mutu ikiisha kuvunjika hairudi kwa urahisi.

1. Kazi hii si mpya katika Eklezya

Kupima masemi ya mutu kusudi kumutambua ni desturi ya zamani. Wapendwa wasomaji wanakumbuka Petro katika ua wa kuhani mukubwa: watu walimutambua kwa matamko yake ya Galilaya. Katika karne ya 3, Orijene alisoma Barua kwa Waebrania akaona Kigiriki chake si Kigiriki cha Paulo. Alisema mafikiri ni ya mutume, lakini mupango wa maneno ni wa mutu mwingine, na aliyeandika anajulikana na Mungu. Katika karne ile ile Dionizi, Askofu wa Aleksandria, aliweka Evanjili ya Yoane karibu na kitabu cha Ufunuo. Alilinganisha maneno, sarufi na namna ya kusema, akaona ya kwamba mikono ni miwili.

Mwaka wa 1440, Lorenzo Valla, mwalimu wa Kilatini, alipima karatasi iliyosema kwamba kaisari Konstantino alimupa Papa utawala wa inchi za mangaribi. Valla alionyesha kwamba Kilatini cha karatasi ile si cha karne ya 4. Ndani yake muna maneno ambayo watu wa Konstantino hawakuyatumia hivyo, kama vile kuwaita wakubwa wa Roma "satrapi", neno la watu wa Persia. Basi karatasi ilikuwa ya uongo, na leo Eklezya haiitegemei hata kidogo. Ukweli haukuiumiza Eklezya.

Lakini mufano unaotugusa zaidi ni wa Padri Roberto Busa, Mujezuiti wa Italia, aliyezaliwa mwaka wa 1913 na kufa mwaka wa 2011. Alitafuta kujua namna Mutakatifu Tomaso wa Akwino anavyosema juu ya kuwapo. Aliona ya kwamba haitoshi kutafuta maneno makubwa: alipashwa kutafuta hata neno dogo la Kilatini "in", maana yake "ndani ya". Nani anaweza kukusanya kwa mukono kila "in" katika vitabu vyote vya Tomaso? Mwaka wa 1949 Padri Busa alikwenda New York kumuona Thomas Watson, mukubwa wa kampuni IBM, akaomba musaada wa mashini zake. Kazi ilianza na karatasi ngumu zenye matundu. Ilichukua miaka zaidi ya 30, ikahesabu maneno karibu milioni 11, na ilipochapwa ikawa vitabu 56. Inaitwa Index Thomisticus. Basi kati ya watu wa kwanza kabisa walioweka maandiko katika kompyuta kusudi kuyachunguza alikuwa padri, na alifanya hivyo juu ya mwalimu wa seminari zetu.

2. Maneno madogo yanamufunua mwandishi

Tuone sasa chombo kinavyotumika. Musingi wake ni huu: mutu anachagua maneno makubwa kwa akili, lakini maneno madogo yanatoka yenyewe. Mutu akitaka kujificha, atageuza maneno makubwa. Hatafikiri kugeuza "basi", "tena", "kumbe", "lakini", "kiisha".

Mufano unaojulikana sana ni wa Marekani. Katika miaka ya 1787 na 1788 makala nyingi zilitoka katika magazeti pasipo jina la kweli la mwandishi. Makala 12 zilibaki na mabishano: ni za Alexander Hamilton, ao za James Madison? Mwaka wa 1964 wataalamu wawili wa hesabu, Mosteller na Wallace, walitoa jibu lao. Walihesabu maneno madogo katika maandiko yanayojulikana ya kila mumoja. Hamilton alipenda kutumia neno "upon", Madison karibu hakulitumia. Walipochanganya hesabu za maneno mengi ya namna hiyo, jibu likawa Madison.

Sisi wenyewe tunaweza kufanya hivyo kwa kalamu tu. Tukamate kurasa tatu ambazo tunajua hakika fulani aliziandika, na kurasa tatu zenye mashaka. Tuhesabu maneno ya kila sentensi: je, ni fupi, ni ndefu, ao zimechanganyika? Tuhesabu mara ngapi anasema "basi", mara ngapi "kwa hiyo", mara ngapi "ndiyo maana". Tuangalie kama anaandika "ao" ao "au", "mutu" ao "mtu", "zambi" ao "dhambi". Nyuma ya saa moja tutakuwa tumejua mambo mengi juu ya mwandishi ambayo hatukuyaona katika kusoma kwa haraka.

Lakini chombo kinapashwa kuijua luga yenyewe. Tunao mufano mukubwa katika Kiswahili cha Kongo. Mwaka wa 1965 André Yav, aliyekuwa mutumishi wa nyumba za Wazungu, aliandika habari za muji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Maandiko yale yalipigwa kwa mashini ya zamani ya kuandikia, wala hayafuati sheria moja ya kukata maneno na kuweka vituo. Johannes Fabian, aliyeyachapisha mwaka wa 1990, hakuweza kuyaelewa kwa macho tu. Ilifaa Kalundi Mango, mutu wa Shaba, ayasome kwa sauti. Hapo maana ikatokea. Sasa tufikiri: mashini inayohesabu kila neno lenye nafasi mbele na nyuma ingefanya nini na maandiko hayo? Ingehesabu vipande vya maneno na kuviita maneno. Hesabu ingekuwa sawasawa, na jibu lingekuwa bure.

3. Mashini inaandika namna gani?

Mashini ya akili bandia imesomeshwa maandiko mengi sana. Haikufundishwa ukweli kama mutoto anavyofundishwa katekisimu. Imefundishwa kutabiri: nyuma ya maneno haya, neno gani linafuata mara nyingi? Mukristu akisikia mwanzo wa sala anayoijua tangu utoto, kinywa chake kinamaliza chenyewe. Mashini inafanya vivyo hivyo kwa maandiko yote, neno kwa neno.

Basi chombo cha kupima kinageuza kazi hiyo. Kinasoma maandiko na kujiuliza katika kila neno: je, neno hili lilikuwa la kutazamiwa, ao linashangaza? Kama yote ni ya kutazamiwa, kinasema: ni mashini. Kama mara kwa mara neno lisilotazamiwa linatokea, kinasema: ni mutu. Tena vyombo vingine vinaangalia urefu wa sentensi, kwa sababu mutu mara nyingi anachanganya ndefu na fupi, na mashini inapenda mwendo mumoja.

Hapa musomaji ameisha kuona hatari. Maneno yanayojulikana na watu wote ni maneno ya kutazamiwa. Mwaka wa 2023 watu waliingiza Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka wa 1787, katika vyombo hivyo, na vingine vikasema imeandikwa na mashini. Si ajabu: maandiko yale yamerudiliwa mara nyingi mpaka mashini inayajua kwa moyo. Mwalimu wa dini anayeandika kwa maneno ya katekisimu, na padri anayefuata maneno ya Misa, nao watahukumiwa vilevile. Uaminifu wao kwa maneno waliyoyapokea utahesabiwa kama udanganyifu.

4. Ndugu anayeandika katika luga ya kigeni

Kuna hatari kubwa zaidi, na inatuhusu sisi wa Fizi. Mwaka wa 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vyombo saba. Walivipa kazi 91 za wanafunzi wasio wazaliwa wa Kiingereza, zilizoandikwa na watu wenyewe kwa mutihani. Kwa hesabu ya katikati, vyombo vilisema 61 kwa 100 ya kazi hizo ni za mashini. Kazi za watoto wa shule wa Marekani ziliachiliwa karibu zote. Kwa nini? Kwa sababu mutu anayeandika katika luga ya kujifunza anatumia maneno machache ambayo ana hakika nayo, na sentensi alizozishika shuleni. Tena, wataalamu walipoiomba ChatGPT ipambe kazi zile kwa maneno ya hali ya juu, vyombo vikaacha kuzishitaki nyingi. Ni kusema: asiye na kosa alionekana mwema nyuma ya kutumia mashini, na yule aliyeandika kwa jasho lake alishitakiwa.

Tufikiri sasa kijana wa Lulimba. Nyumbani anasema Kibembe ao Kibuyu, sokoni Kiswahili, katika seminari Kifaransa. Kifaransa chake amekipata katika vitabu, na kwa sababu hiyo kinafanana na vitabu. Chombo kilichomuonea mwanafunzi wa Kiingereza kina njia ileile ya kumuonea huyu.

Katika Kiswahili hatari inageuka upande mwingine. Kiswahili ambacho mashini zimesoma, sehemu yake kubwa kinatoka Tanzania na Kenya; hata mukusanyo mukubwa wa maandiko ya Kiswahili uliotengenezwa Helsinki unategemea zaidi magazeti na vitabu vya Tanzania. Kiswahili cha kwetu kinaishangaza mashini. Basi mwalimu wa dini anayeandika kama tunavyosema Lulimba ataitwa mutu, hata akiwa ameomba mashini na kugeuza maneno mawili matatu. Na yule aliyesoma vitabu vya Dar es Salaam, anayejikaza kuandika Kiswahili sanifu, ndiye atakayeitwa mashini.

Maandiko Matakatifu yanatuambia habari za watu wa Gileadi kwenye vivuko vya Yordani. Walimuuliza kila mupita njia atamke neno "shiboleti". Asiyeweza kulitamka kwa namna yao aliuawa, na watu 42.000 wa Efraimu wakafa. Chombo kile kilikuwa cha luga, tena kilitumika vizuri kwa kazi yake. Sisi wa upande huu wa ziwa tunajua namna matamko ya mutu yanavyoweza kumuletea taabu kwenye kizuizi cha njia. Kwa hiyo tusiwe wepesi kuingiza katika seminari shiboleti mupya, hata kama ni wa kompyuta.

5. Chombo kinajua kundi, hakimujui mutu

Je, vyombo ni vya kutupa? Hapana. Vina nguvu pahali pake. Wataalamu walisoma mafupisho zaidi ya milioni 15 ya makala za uganga, ya tangu 2010 mpaka 2024. Waliona ya kwamba nyuma ya kutoka kwa ChatGPT maneno fulani ya Kiingereza yaliongezeka kwa gafula, kama vile "delve", maana yake kuchimba ndani ya jambo. Kwa hesabu hiyo walisema angalau 13 kwa 100 ya mafupisho ya mwaka wa 2024 yalipita katika mashini. Ni kazi nzuri. Lakini hawakusema: daktari fulani ametumia mashini. Mutu mumoja anaweza kulipenda neno "delve" tangu zamani. Muchuuzi wa soko la Baraka anajua kama mwezi huu ndagala ni nyingi ao kidogo. Asiulizwe ndagala hii moja ilivuliwa na mutumbwi gani.

Tufanye hesabu kusudi jambo hili lionekane wazi. Januari 2023 OpenAI wenyewe walitoa chombo cha kupima. Walisema kinatambua maandiko ya mashini 26 kwa 100, na kinashitaki bure maandiko ya watu 9 kwa 100. Tuseme tuna kazi 200, na katika hizo 20 ni za mashini, 180 ni za wanafunzi wenyewe. Katika zile 20 chombo kitakamata kama 5. Katika zile 180 kitashitaki bure kama 16. Jumla ya washitakiwa ni 21, na kati yao 16 hawana kosa. Wenye kosa 15 wamepita salama. Julai 2023 kampuni iliondoa chombo hicho, kwa sababu hakikuaminika. Vyombo vya nyuma yake vinaweza kuwa bora, lakini hesabu haigeuki: pahali wenye kosa ni wachache na wasio na kosa ni wengi, hata kosa dogo la chombo linaumiza watu wema.

6. Tufanye nini?

Kwanza, tusimuhukumu mutu kwa neno la chombo peke yake. Kitabu cha Sheria za Eklezya cha mwaka wa 1983, kanuni 220, kinakataza kuharibu bure sifa njema ya mutu. Tena amri ya nane inatukataza kumuzania mwenzetu uovu pasipo sababu ya kutosha. Kompyuta haiondoi amri hiyo, wala haichukui zambi pahali petu.

Pili, tulinganishe mutu na yeye mwenyewe. Mwalimu mwenye busara anatunza kazi za mwanafunzi zilizoandikwa kwa mukono mbele yake, tangu mwaka wa kwanza. Mununuzi wa zahabu kule Misisi haangalii rangi tu: anapima kwa mizani, tena anauliza imetoka shimo gani. Na sisi tujue shimo ambamo maneno ya mwanafunzi yanatoka.

Tatu, tuzungumuze naye. Aliyeandika kazi yake anaweza kufasiria kwa kinywa kwa nini amechagua mufano huu na si ule. Dakika kumi za mazungumuzo ya upole zinashinda hesabu nyingi. Kama kweli ametumia mashini, katika mazungumuzo hayo ataweza kukiri na kusaidiwa; akishitakiwa kwa karatasi, atajifunza kujificha vizuri zaidi.

Inne, tulinde siri. Kupima maandiko kwa intaneti ni kuyatuma kwa watu tusiowajua. Barua ya mukristu mwenye taabu ya ndoa, habari za mashauri ya roho, majina ya watu katika siku za vita: hayo yote yasiingizwe katika chombo cha namna hiyo hata kidogo.

Tano, vipimo hivi vitusaidie zaidi juu ya barua zisizo na mwenyewe kuliko juu ya watu tunaoishi nao. Katika inchi yetu tangazo la uongo lenye jina la mukubwa linaweza kupita toka simu mpaka simu na kukimbiza watu usiku. Hapo kazi ya Valla ni ya leo: je, mukubwa huyu anasema hivi? Anatumia jina hili la cheo? Tarehe na pahali vinapatana? Mashaka mema juu ya karatasi yanaweza kuokoa watu.

Sita, tukumbuke kwa nini tunaandika. Tarehe 28 Januari 2025 Roma ilitoa andiko Antiqua et nova juu ya akili bandia na akili ya mutu. Ndani yake wakubwa wa Eklezya wanaonya kwamba programu nyingi zinatoa jibu tu, pahali pa kumusaidia mwanafunzi alitafute mwenyewe na kujifunza kufikiri. Baba Mutakatifu Leo XIV naye, tarehe 10 Mei 2025, siku mbili nyuma ya kuchaguliwa, aliwaambia makardinali kwamba akili bandia ni jambo jipya linalohusu heshima ya mutu, haki na kazi.

Tuseme chombo kimepima mahubiri yetu na kusema ni ya mutu. Je, hiyo inatosha? Chombo hakiulizi kama tumesali juu ya Evanjili ile. Hakijui kama tumemufikiri mama aliyezika mutoto wiki hii, naye ameketi katika mustari wa mbele. Mahubiri yenye makosa ya sarufi, yaliyotoka katika sala na katika kuwajua kondoo, yatawafikia wakristu wa Lulimba kuliko mahubiri mazuri yasiyojua majina yao. Na kijana anayeandika ukurasa mumoja kwa taabu, akiufuta mara tatu, ameisha kujifunza kitu ambacho hakuna mutu wala mashini inaweza kujifunza kwa ajili yake.

Basi ndugu mapadri, waseminari na walimu wa dini, tutumie vyombo kama Padri Busa alivyovitumia: kusudi kusikia vizuri zaidi sauti ya mutu. Bwana wetu Yezu Kristu anayewajua walio wake, kila mumoja kwa jina, atupe akili ya kutambua na upole wa kungoja mbele ya kuhukumu.